Kabla Hujabomoa Dari, Chukua Mita

Nyumba tunayoishi Ilboru, Arusha, inapashwa joto na dari. Aliyeijenga alikuwa mgeni kutoka Ulaya ya kaskazini, akaagiza marobota ya foili ya umeme na kuyalaza juu ya jipsam ya sebuleni na vyumba viwili vya kulala. Alisharudi kwao siku nyingi. Sisi tumepanga kwa familia iliyoinunua baadaye, na siku ya kukabidhiwa funguo baba mwenye nyumba alinionyesha vidude vyenye namba ukutani, akasema, "Hivi ni vya joto, mwalimu. Ila kama bado vinafanya kazi, mimi hapo sisemi."

Watu wa Dar wakisikia habari za kupasha nyumba joto Tanzania hucheka. Waje Julai. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Ilboru iko juu kidogo ya hapo, na kipupwe kikiingia wingu linaufunika Mlima Meru tangu asubuhi mpaka watu wanasahau kama kuna mlima. Usiku joto linashuka hadi nyuzi 12, siku nyingine chini ya hapo. Mama yangu, niliyemchukua nikae naye, amevuka miaka themanini na magoti hayataki baridi. Kuna majirani wanaoingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Nafundisha fizikia, na hilo siwezi kulinyamazia: mkaa uliokolea vizuri, usio na moshi hata kidogo, bado unatoa kaboni monoksidi, na hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu analala haamki. Kwa hiyo nikaamua dari ifanye kazi, au nijue kwa uhakika kwamba imekufa.

Kwanza ilibidi nielewe ni mdudu gani. Foili yenyewe ni karatasi nyembamba ya plastiki yenye njia za metali ndani yake, zinazopinda kwenda na kurudi. Umeme ukipita, njia zile zinapata joto. Foili inalala juu ya jipsam, na juu ya foili kunatandikwa sufi ya fiba ili joto lisipande kwenye mabati. Jipsam inafika nyuzi 40 hivi, kisha inamiminia joto hilo chini kwa mnururisho. Hewa ya joto kwa kawaida hupanda, ndiyo maana watu hawaamini kwamba joto la darini linaweza kumfikia aliyekaa kwenye kochi, lakini mnururisho haungoji hewa. Unavuka na kukipasha kile unachokigusa: bega, meza, sakafu. Ukikaa chini yake unajisikia kama umeota jua la saa mbili asubuhi, hewa bado baridi lakini ngozi imeridhika. Na kama ilivyo kwa jua, kuna kivuli. Miguu iliyo chini ya meza ya chakula haipati kitu. Mama aliligundua hilo kabla yangu. Alisema dari inampenda kichwa na kumchukia miguu.

Marekani na Kanada walitumia sana dari za namna hii kati ya miaka ya 1950 na 1970, ila kwao nyingi zilikuwa za waya mwembamba uliolazwa ndani ya plasta. Waya ule ni mmoja kwa chumba kizima, kwa hiyo msumari mmoja ukiukata chumba chote kinazimika. Ya kwetu imegawanywa vipande. Tofauti hiyo ndiyo iliyotuwezesha kuota joto msimu ule.

Fundi niliyemwita ni kijana wa Sakina, mtu makini, ana leseni, na mikono yake ni misafi kazini. Lakini dari inayopasha joto hakuwahi kuiona. Alipopanda, akachungulia kwenye kitundu cha darini, akashuka na maneno ambayo nimeyasikia kwa mafundi wengi wa vitu vingi: "Mwalimu, hapa dawa ni kubomoa tuone." Nikamwambia dari ya watu haibomolewi kwa kuona. Tuanze chini, pale mkono unapofika, tupande taratibu. Akakubali, nadhani kwa heshima ya ualimu zaidi kuliko kwa kushawishika.

Chumba cha Mama kilikuwa hakipati joto kabisa. Breka ilikuwa juu, sawa. Tukazima mein swichi, tukafungua themostati ya ukutani, kile kidude chenye namba kinachowasha na kuzima dari kufuata joto la chumba, tukahakikisha kwa mita kwamba waya zimekufa, halafu tukawasha kwa uangalifu na kupima. Umeme ulikuwa unaingia volti 220 na ushee. Kutoka, hakuna kitu, hata tulipopandisha namba mpaka mwisho. Maana yake dari haikuwa na kosa lolote lililothibitika, ilikuwa haijapelekewa umeme. Fundi akazima tena, akapuliza ndani ya themostati, wakamwagika sisimizi wakavu. Walikuwa wamejisaga katikati ya vile vidole viwili vya metali vinavyogusana joto likipungua. Sijui sisimizi wana nini na swichi za Arusha, lakini ukifungua swichi ya geti, ya pampu au ya friji unawakuta.

Kuzisafisha zile ncha kulisaidia kwa muda, kisha zikaanza kutoa cheche, kwa hiyo tukabadilisha themostati yenyewe. Hapo kuna mtego wa dukani. Themostati nyingi za ukutani unazoonyeshwa zimetengenezwa kuamrisha boila au kiyoyozi kwa volti 24. Zinafanana sana na hii. Ukiifunga kwenye saketi ya volti 230 inaungua siku hiyo hiyo, na si ajabu ikaondoka na kitu kingine. Ya dari inapitisha umeme wote wa dari yenyewe, kwa hiyo nilitafuta iliyoandikwa volti 230 na ampea 16, na nilikataa kila niliyoambiwa "itafaa tu". Ikafungwa pale pale ya zamani ilipokuwa, ukuta wa ndani, usawa wa kifua, mbali na dirisha. Ile ya chumba cha pili tuliikuta nyuma ya friji ndogo iliyowekwa na mpangaji aliyetutangulia. Friji inatoa joto mgongoni, themostati inadhani chumba kimeshapata moto, inazima. Ugonjwa huo tuliutibu kwa kusogeza friji, bila hata bisibisi.

Sebule ndiyo iliyotufundisha kazi.

Sebuleni joto lilikuwepo, ila haba, na lilikuwa la upande mmoja. Kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la breka, mjenzi alikuwa ameandika kwa kalamu wati za kila chumba. Sebule: 2,300. Vyumba: 1,150 kila kimoja. Mungu ambariki popote alipo, kwa sababu ukijua wati huna haja ya kupanda darini kwanza. Chukua volti, zizidishe kwa zenyewe, gawanya kwa wati, unapata omu (kipimo cha ukinzani, yaani jinsi foili inavyouzuia umeme) ambazo foili nzima inatakiwa kusoma. 230 mara 230 ni 52,900. Gawanya kwa 2,300, unapata 23. Chumba cha kulala kinatakiwa kisome mara mbili ya hapo, 46.

Tukazima mein swichi, tukatenganisha waya za dari ya sebule kwenye themostati, fundi akaweka mita. Ikasoma 46. Alitaka kuipita, kwa kuwa mita haikuonyesha kwamba waya umekatika. Nikamwomba arudie. Ikarudi 46 ile ile. Nikamchorea kwenye bahasha: dari yenye vipande viwili vilivyofungwa sambamba, kila kimoja kikipata umeme kwa njia yake, kila kimoja omu 46, kwa pamoja 23. Ukiona 46 peke yake, kipande kimoja kimeondoka na mwenzake anafanya kazi peke yake. Tulipounganisha na kuwasha, klampu mita, inayobana waya na kupima mkondo, ikasema ampea 5 kasoro badala ya 10. Hesabu na mita zikasema jambo moja, na fundi akaacha kuzungumzia nyundo.

Kipande kipi kimekufa? Hapa nilitumia kile kipimajoto cha bastola ambacho mwaka 2020 tulielekezewa kwenye paji la uso kila mlango. Shuleni vilikuwa vimekaa stoo. Kikiwa kwenye hali ya kupima mwili kinagoma, kwa sababu kinatarajia joto la binadamu, lakini vingi vina kitufe cha kupima uso wa kitu, na kwa hali hiyo kinasoma dari bila wasiwasi. Tukawasha, tukaacha dari ishike moto kwa muda wa chai, halafu nikapita chini yake mstari kwa mstari, fundi akiandika. Upande wa jikoni nyuzi 38, 39, 38. Upande wa dirisha kubwa 19, 19, 20. Mpaka ulikuwa wazi, katikati ya chumba.

Ndipo dada anayetusaidia kazi za nyumbani akasema kitu ambacho alikuwa ameshakisema: "Hilo pazia lina shoti." Reli ya pazia ilikuwa ya chuma, imefungwa darini juu ya dirisha kwa skrubu ndefu. Alipopanda stuli kutoa mapazia ya kufua, vidole vilimtetemeka. Siku nyingine hakuna kitu. Fundi alicheka, akasema reli ya pazia haina waya, shoti itatoka wapi. Nikamuuliza dada kama siku ya kutetemeka joto lilikuwa limewashwa. Akafikiri, akasema ndiyo, ilikuwa jioni, Mama akiwa sebuleni.

Kicheko kikakatika. Tukazima kila kitu. Kwa kazi hii multimita ya kawaida haitoshi, kwa sababu betri yake ndogo haiwezi kuusukuma umeme kupita kwenye mpasuko mwembamba. Fundi akaenda kuazima mega, kipimo kinachotoa volti 500 kuijaribu insulesheni, yaani kinga inayozuia umeme usivuje. Kati ya foili na ethi, yaani waya wa ardhi, kipimo kilikuwa juu, kizuri. Kama tungeishia hapo tungesema dari ni salama. Tukahamisha ncha ya pili kutoka kwenye ethi, tukaibana kwenye reli ya pazia. Sifuri.

Skrubu moja ya reli ilikuwa imetoboa jipsam na kuzama kwenye foili. Ilikata njia ya umeme, ndiyo maana kipande kikafa, na ikabaki inagusa upande wenye fezi, waya unaoleta umeme, ndiyo maana reli nzima ilikuwa na umeme kila joto lilipowashwa. Breka isingeanguka hata siku moja, kwa sababu reli haikuwa imeunganishwa na ardhi: hakukuwa na mkondo mkubwa wa kuishtua. Ilikuwa inamngoja mtu asimame peku sakafuni na mkono ulioloa. Dada alinusurika na stuli ya mbao na ndala za plastiki. Tangu hapo mtu wa nyumba hii akisema kitu kina shoti, kinazimwa kwanza, maswali baadaye, na haijalishi kitu chenyewe ni pazia au sufuria.

Tulifanya nini? Tulifungua mraba mmoja wa jipsam, palipo na kiunganishi cha kipande kile, tukakitenganisha waya zote mbili, fezi na nyutro (ule wa kurudisha umeme), tukazifunika ncha zake kwenye kiboksi, tukapima tena reli kwa mega mpaka ikaonyesha haina uhusiano na chochote. Reli ikashushwa, ikapigwa ukutani. Foili iliyotobolewa hatukuiunga. Fundi alikuwa na wazo la kuiziba kwa utepe na kuunganisha kwa risasi, nikakataa, na bado nakataa. Njia zile ni nyembamba, kiungo cha kubahatisha kinakuwa na ukinzani wake, kinapata moto kuliko foili nyingine zote, na kiko katikati ya karatasi na mbao. Kipande kama hicho hubadilishwa kizima au huachwa kikiwa kimekufa. Kisha tukafunga swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, juu ya saketi zote za dari. Ilistahili kuwepo tangu mwanzo.

Baada ya hapo nilidhani tumemaliza, lakini jioni dari zote zilikuwa dhaifu kuliko mchana. Omu zilikuwa sahihi. Nikapima volti wakati wa mapishi, mitaa yote ikiwa imewasha. Kwenye mein swichi 218. Kwenye kiboksi cha breka za joto, hatua chache kutoka hapo, 206. Volti 12 zilikuwa zinapotelea njiani, na volti hazipotei bure. Wakati huo dari zilikuwa zinavuta zaidi ya ampea 13. Zidisha, ni kama wati 160 za joto zinazotoka mahali ambapo hapakutakiwa joto. Tulizima, tukafungua, tukakuta skrubu ya nyutro imelegea, plastiki pembeni yake imekuwa kahawia na ina harufu ya kuungua. Waya ukakatwa ncha, ukachunwa upya, kiunganishi kikabadilishwa. Watu wengi wanaofikiri foili imechoka wangekuta tatizo lao hapo. Na uzito wa jambo uko kwenye hesabu: nguvu ya hita haishuki sambamba na volti, inashuka kwa mraba wake. Volti 206 badala ya 230 ni upungufu wa kumi hivi kwa mia, lakini wati zinapungua kwa ishirini kwa mia.

Darini kwenyewe nilipanda mara ya mwisho, na sababu ilikuwa paka. Paka wa jirani alikuwa analala juu ya chumba chetu cha pili, usiku tunamsikia akijigeuza. Paka hakosei mahali penye joto. Nilipochungulia niliona sufi ya fiba imesukumwa pembeni sehemu kubwa, na mtu aliyepitisha waya wa dishi alikuwa ameacha njia yake wazi. Joto tulilolipia lilikuwa linapanda kwa mabati na kwa paka. Tulivaa glavu na barakoa, kwa sababu sufi ile inawasha ngozi na kifua, tukaitandika upya. Tukatoa pia maboksi ya vitabu yaliyowekwa juu ya foili, kwani foili iliyobanwa na mizigo inashindwa kupumua na inaweza kuzidisha moto mahali pamoja. Tundu la paka likazibwa kwa wavu. Jirani hajatusamehe.

Gharama yake si siri. Chumba cha Mama, wati 1,150, kikiwaka mfululizo saa nne kinakula uniti 4.6. Kwa shilingi 356 tunayolipa kwa uniti, ni karibu shilingi 1,640. Kwa kuwa themostati inakata na kurudi, inakuwa chini ya hapo. Sebule ingekuwa nzima ingekula mara mbili. Mimi nawasha chumba cha Mama kama saa moja kabla hajaenda kulala, kwa sababu jipsam inachukua muda kushika moto, na nazima akishajifunika. Miguu yake inatunzwa na soksi nene za mitumba kutoka soko la Kilombero na chupa ya maji ya moto, kwa kuwa hilo dari haiwezi.

Upande wa dirishani wa sebule bado umekatwa. Baba mwenye nyumba alikuja akaona mraba ule wa jipsam, akauliza nani atalipa. Nikamwonyesha skrubu, nikamweleza kwamba reli ilikuwepo tulipohamia, na nikamwita dada amweleze mwenyewe kilichompata kwenye stuli. Alisikiliza mpaka mwisho. Mraba alilipa yeye, swichi ya kukata umeme tuligawana nusu kwa nusu, na foili mpya alisema ataiagiza siku jipsam ya sebule itakapobadilishwa. Kochi la Mama tumelihamishia upande wa jikoni.